Sura ya Nne: Kungoja Kusi

Mama yangu hupiga simu saa nne asubuhi, akishamaliza kufagia ua na kabla hajabandika chakula cha mchana. Kwa miaka mingi, saa nne ilikuwa saa yangu mbaya kuliko zote. Mafaili yamejaa mezani, wateja wamesimama mlangoni, na sauti yake kutoka Lamu inaanza safari yake ya kila siku: hujambo mwanangu, wameamkaje watoto, mkeo hajambo, huko Mombasa mvua imenyesha?

Siku moja nilimkatiza. "Shikamoo mama. Nina haraka, niambie tu unachotaka."

Alinyamaza kidogo. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Sina ninachotaka. Nilitaka kukujulia hali." Akanitakia mchana mwema, akakata simu.

Nilirudi kwenye karatasi zangu nisiweze kusoma hata mstari mmoja. Kumbe kwa miaka yote ile nilikuwa nazichukulia salamu zake kama foleni ya kupita ili nifike kwenye shida yenyewe. Shida haikuwepo. Salamu ndiyo ilikuwa shughuli.

Juma lililofuata niliomba likizo, nikapanda basi la Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, na kutoka Mokowe nikavuka kwa boti. Nilikwenda kumwomba mama radhi. Nilichorudi nacho ni hiki ninachotaka kukisema katika sura hii: maisha ya mwendo wa taratibu si kitu tunachohitaji kukopa mahali popote. Pwani hii yenyewe, miji yake na lugha hii unayoisoma, ni kazi ya watu waliojua kungoja. Kungoja ni ujuzi, na ujuzi hufundishika hata ukubwani.

Miji iliyozaliwa na subira

Tazama jinsi upepo wetu unavyofanya kazi. Mwishoni mwa mwaka, Novemba au Desemba, kaskazi huanza kuvuma kutoka upande wa Bara Arabu na Bara Hindi kuja huku, ikaendelea hadi Machi. Kisha huja tangambili, wakati ambao upepo haujulikani unakoelekea. Kuanzia Aprili kusi hushika, na huvuma kurudi kule kaskazi ilikotoka. Kwa mamia ya miaka majahazi kutoka Oman, Yemen, Ghuba na Gujarat yalikuja na kaskazi yakirudi na kusi. Hakukuwa na njia ya mkato. Nahodha aliyetia nanga Lamu mwezi wa Januari alijua kwamba hata akimaliza kuuza tende zake kwa siku tatu, hataweza kuondoka kurudi nyumbani.

Basi wale watu walifanya nini kwa miezi ile? Waliishi. Walikaa kwenye baraza, wakajifunza majina ya watu, wakasali msikiti mmoja na wenyeji, wakaoa, wakazaa. Kufanya biashara na mtu ambaye utamwona kila asubuhi kwa miezi mitatu si sawa na kufanya biashara na mpita njia, kwani huwezi kumdanganya kisha ukatoweka. Na mkizungumza kwa miezi mitatu, maneno huhama. Kiswahili ni lugha ya Kibantu, lakini maneno mengi ya Kiarabu, Kiajemi na Kihindi yaliyomo ndani yake yaliingia hivyo: barazani, sokoni, jikoni, watu wakingoja upepo.

Mwaka 1938 baharia na mwandishi wa Australia, Alan Villiers, alipanda jahazi la Wakuwaiti huko Aden akasafiri nalo hadi Zanzibar na delta ya Rufiji, kisha akarudi nalo hadi Kuwait mwaka 1939. Kule Rufiji mabaharia walipakia boriti za mikoko za kuezekea nyumba za nchi zao. Dunia ilikuwa tayari na meli za injini na ndege, na watu wale bado walikuwa wanapanga mwaka wao kwa kutazama upepo.

Mji wa Lamu, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, umebeba mwendo huo ndani ya kuta zake. Nyumba za mawe ya matumbawe zina daka mbele ya mlango, na pande zote mbili za daka kuna viti vya kujengea. Mwenye nyumba alijenga mahali pa mgeni kukaa kabla hajajenga mahali pa kumkaribisha ndani. Chumba ni chembamba kwa sababu urefu wa boriti ya mkoko ndio unaoamua upana wake, na hakuna fundi aliyeweza kuulazimisha mti urefuke. Mitaa ni ya kupita watu na punda. Ukikutana na punda mwenye mzigo wa mchanga, mmoja wenu hujibana ukutani, na kwa kawaida si yeye.

Nahodha aliyekataa kungoja

Historia yetu ina mfano wa mtu aliyepata faida ya upepo kisha akaudharau.

Aprili 1498 Vasco da Gama alitia nanga Malindi. Mfalme wa Malindi alimpa rubani aliyeijua bahari ile, na kusi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Walifika pwani ya Calicut, India, mwezi wa Mei, chini ya mwezi mmoja tangu wang'oe nanga. Baadaye alikosana na wenyeji wa Calicut, akataka kuondoka upesi. Mwanzoni mwa Oktoba alikwisha elekeza meli zake Afrika, na kaskazi ilikuwa bado haijashika.

Bahari ile ile aliyoivuka kwa wiki chache sasa ilimchukua karibu miezi mitatu. Upepo ulikufa, au ulivuma usoni. Kiseyeye kikaingia, fizi zikavimba, na mabaharia wengi wakafa mmoja baada ya mwingine. Walipoiona tena Malindi, Januari 1499, waliobaki hawakutosha kuendesha meli zote tatu. Wakaichoma moja kwa mikono yao wenyewe, ile iliyoitwa São Rafael.

Ninapofikiria safari hiyo, sioni hadithi ya mtu mvivu na mtu hodari. Yule alikuwa hodari sana. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba kuondoka mapema ni kufika mapema. Ni kosa ninalolijua kwa karibu. Mara ngapi nimejibu barua kwa hasira ya dakika moja, nikatumia mwezi mzima kuifuta? Mara ngapi nimemkaripia mtoto asubuhi ili tuwahi shule, tukafika mapema wote wawili tumenuna hadi jioni?

Haraka ilivyoingia mjini

Haraka tuliyonayo ina historia pia. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901, nayo ikaleta ratiba: gari linaondoka saa fulani, uwepo usiwepo. Lakini watu hawakuigeukia saa ya ukutani kwa siku moja. Neno "kibarua" maana yake ni barua ndogo, kile cheti cha kuonyesha kwamba leo umefanya kazi ya siku. Bandari ya Mombasa iliendeshwa kwa sehemu kubwa na vibarua wa namna hiyo hadi miaka ya 1940. Mtu alipakua mizigo siku kadhaa, akapata alichohitaji, akarudi kwenye shamba lake au kwa watu wake. Mwanahistoria Frederick Cooper ameandika kwa kirefu jinsi watawala wa kikoloni walivyoudhiwa na jambo hilo. Walitaka mfanyakazi anayekuja kila siku, saa ile ile, mwaka mzima. Baada ya mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947 walikaza zaidi kuifanya kazi ya bandari kuwa ya kudumu.

Ajira ya kudumu ilileta mema yake, na hakuna kibarua leo asiyeitamani. Ninachotaka uone ni kwamba ile sauti inayokusukuma ukiwa umekaa dakika tano tu, ikikwambia unapoteza wakati, hukuzaliwa nayo. Ilifundishwa kwa babu zetu kwa kengele na king'ora. Kilichofundishwa kinaweza kupunguzwa makali.

Matondoni

Siku ya tatu ya likizo yangu mama alinituma kwa kaka yake, Matondoni, upande wa pili wa kisiwa. Matondoni ni kijiji cha mafundi wa jahazi. Nilimkuta mjomba amechuchumaa chini ya ubavu wa chombo kilichokaribia kwisha, akitia kalafati.

Kalafati ni kazi ya kuziba nafasi kati ya ubao na ubao. Mjomba alikuwa na kopo la mafuta ya nazi na furushi la pamba. Alikuwa akivuta pamba kidogo, akiisokota pajani ikawa kama utambi, akiichovya mafuta, akiilaza kwenye ufa, kisha akiishindilia kwa patasi butu na nyundo ya mti. Kila pigo lilikuwa na sauti. Pamba ikiwa bado haijakaa, sauti ilikuwa nzito na yenye uvungu. Ikikaa sawasawa, ubao ulitoa mlio mkavu, naye akasogea upana wa vidole vinne, akaanza upya.

Nilimpa shikamoo, akaitikia bila kuinua macho. Nikakaa kwenye gogo. Baada ya nusu saa nilimuuliza, "Mjomba, hii itakwisha lini?"

"Ikiisha," akasema.

Baadaye, aliposimamisha kazi ili anywe maji, akanionyesha ubavu wote wa jahazi, kutoka omo hadi tezi. "Mwanangu, tundu moja nililolipita kwa haraka, wewe hutaliona, na mwenye chombo hataliona. Maji yataliona."

Alinipa patasi. Nilipiga mistari miwili ya urefu wa mkono. Mwanzoni nilikuwa nahesabu: imebaki kiasi gani, imepita saa ngapi. Halafu nikaanza kusikiliza ule mlio. Nilipoinua kichwa, kivuli cha jahazi kilikuwa kimenipita, na mkono ulikuwa unauma, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi sikuwa nimefikiria kitu kingine chochote. Mjomba alikagua kazi yangu kwa kucha, akaing'oa pamba yote ya mstari wa kwanza. Mstari wa pili aliuacha.

Niliondoka pale na fahari ambayo hakuna ripoti ya ofisini iliyowahi kunipa. Na nilielewa jambo: mjomba hakuwa anafanya kazi polepole. Alikuwa anafanya kazi kwa mwendo wa kazi yenyewe. Utambi wa pamba una kasi yake, kama mimba na kama muhogo ardhini. Tunachokiita haraka, mara nyingi, ni kutaka vitu vifuate kasi ya wasiwasi wetu.

Nafasi na pumzi

Lugha yetu ilikwisha jua haya. Tukikosa wakati tunasema "sina nafasi", na chumba kikijaa tunasema pia "hakuna nafasi". Neno ni moja kwa wakati na kwa mahali, na asili yake katika Kiarabu ni pumzi. Kupumzika nako kumetokana na pumzi hiyo hiyo. Mtu asiye na nafasi, kwa Kiswahili, amebanwa: hana pa kugeukia wala pa kuvutia hewa.

Tazama pia siku yetu inavyoanza. Kwa hesabu ya wazee wa pwani, jua likizama Alhamisi, usiku ule tayari ni usiku wa Ijumaa. Siku mpya huanza magharibi. Maana yake ni kwamba jambo la kwanza katika siku ni kurudi nyumbani, kula na kulala, na kazi huja baadaye, katika nusu ya pili. Sisi wa mjini tumelipindua hilo. Tunafanya kazi hadi tuchoke, kisha kile kinachobaki tunakiita mapumziko. Jaribu kuhesabu kama wazee kwa juma moja. Ukiingia ndani magharibi, jiambie kesho imekwisha anza, na imeanza kwa kupumzika. Utaona jinsi unavyoanza kuilinda jioni yako.

Polepole si uzembe

Lazima niseme wazi, kwa sababu methali zetu nzuri zimetumiwa vibaya. Mtumishi anayemwacha mzee kwenye benchi tangu asubuhi kisha akamwambia njoo kesho hana haki ya kujitetea kwa "haraka haraka haina baraka". Yule anakula wakati wa mwenzake. Niliwahi kumpeleka mgonjwa mahali ambapo tulihitaji mtu mmoja tu akimbie, na hakukimbia mtu. Sikuuona utulivu pale, niliona kutojali. Kipimo ni rahisi: mwendo wako wa taratibu unampa mtu nafasi, au unamnyang'anya?

Vilevile kuna watu ambao haraka si tabia yao bali ni riziki yao. Mama lishe anayeamka saa tisa usiku kukanda unga wa chapati na dereva wa bodaboda anayehesabu abiria hawawezi kuambiwa wajifunze kustarehe kana kwamba wamesahau. Kwao, sisi wateja ndio wa kujifunza. Usimpigie kelele mama lishe kwamba chai imechelewa, na usimhimize dereva apenye katikati ya malori. Utulivu wa mtu mmoja mara nyingi hutegemea subira ya mwingine.

Anzia jikoni

Ukiniuliza pa kuanzia, nitakwambia anza na chungu. Baada ya Matondoni nilimwomba mama anifundishe wali wake wa nazi, nami nina umri wa kuitwa baba.

Alinikalisha kwenye mbuzi nikakuna nazi mbili. "Usikwaruze kifuu," alisema, "utatia weusi." Tukakamua tui zito tukaliweka kando, tukarudia machicha kwa maji tukapata tui jepesi. Mchele ukaiva kwanza kwa lile jepesi, pamoja na chumvi. Tui zito lilikuja mwishoni, na hapo ndipo mama alipopunguza moto chini, akafunika sufuria na kupalia makaa juu ya kifuniko.

Kisha hakufanya kitu. Alikaa kwenye kibao, mikono mapajani. Nikanyoosha mkono nifunue nitazame. Akanizuia. "Ukifunua unaitoa roho yake. Sikiliza." Nikasikiliza. Ndani ya sufuria kulikuwa na mchemko mdogo, kama watu wanaonong'ona chumba cha pili, ukapungua, ukawa mtatariko mkavu. Mama akatikisa kichwa: bado. Harufu ikabadilika kutoka ya maziwa kuwa ya kitu kilichoguswa na moto. "Haya sasa."

Katika ile robo saa mama alinisimulia habari za baba nisizowahi kuzisikia. Hakupanga kunisimulia. Palikuwa na nafasi tu, na maneno yakaingia.

Tangu siku ile nimeshika mambo machache, na sikuyashika yote kwa mara moja, kwa kuwa hata utulivu ukiufanyia haraka unakukimbia. Kila siku huchagua jambo moja nikalifanya kwa mwendo wake: kupika, kunyoosha nguo, au kutembea kutoka stendi badala ya kupanda tuktuk. Simu hailali chumba kimoja nami, wala haiketi nasi kwenye sinia. Salamu naitikia hadi mwisho. Na mara moja kwa wiki, baada ya alasiri, nakaa kwenye kijiwe cha kahawa pale mtaani, nakunywa vikombe viwili vya kahawa chungu na kipande cha kashata bila kuwa na jambo la kuzungumza. Mwezi wa kwanza nilikuwa natazama saa. Mwezi wa pili wakaanza kuniuliza nilikuwa wapi nisipofika.

Siku ya kushua

Nilirudi Matondoni miezi minne baadaye, kwa siku mbili. Jahazi lilikuwa tayari. Mataruma yamefungwa, ubavu umepakwa deheni, mlingoti umelazwa ukingoja. Lakini halikuwa limeshuliwa, kwa kuwa maji yalikuwa bado hayajawa makubwa. Chombo kizito kama kile kinahitaji maji ya bamvua yapande hadi juu kabisa, na bamvua huja na mwezi. Walikuwa wamengoja siku tisa, na hakuna aliyekuwa amenuna.

Siku ya bamvua kijiji kizima kilikuwa ufukweni. Wanaume walishika kamba, watoto walishika ncha za kamba, kina mama walisimama kwenye kivuli na masinia ya chakula. Maji yalipanda, yakagusa magogo, yakagusa mkuku. Mjomba, mtu ambaye sijawahi kumwona akiharakisha hata kijiko, alikuwa amesimama ndani ya maji hadi kiunoni akiyatazama. Ghafla akapaza sauti, "Vuteni! Sasa! Vuteni!"

Sijapata kuona haraka ya namna ile. Kila mtu alikimbia. Kamba zilikwaruza viganja, mwimbishaji akitoa wimbo, nasi tukiupokea na kuvuta kwa pamoja, magogo yakibingirika chini. Maji ya juu kabisa hayakai. Tulikuwa na muda mfupi tu, na hakuna hata mmoja aliyeupoteza.

Simu ikalia mfukoni. Alikuwa mama. Niliipokea kwa mkono mmoja, kamba ikiwa kwenye mwingine.

"Shikamoo mama. Nina haraka, tunashua!"

Nikamsikia akicheka, kicheko kirefu cha mtu aliyekulia ufukweni. "Basi vuta, mwanangu, vuta. Jioni nitakupigia."

Chombo kikaingia majini, kikayumba mara moja, kikatulia. Mjomba aliingia ndani akapiga magoti kwenye ngama, akapapasa mbao kwa kiganja, moja baada ya nyingine. Zilikuwa kavu.

Jioni, baada ya magharibi, simu ililia tena. Nilikaa vizuri kwenye mkeka, nikaegemea ukuta. Hujambo mwanangu, akaanza. Nikamwitikia, nikamwacha aniulize habari za kila mtu, mmoja mmoja, hadi akamaliza.